Uongo kwa Kihispania: namna ya kuchagua neno linalofaa

Chukua sentensi ya kila siku: "Yule jamaa amenidanganya." Ukiisema Kampala, Arua au Busia, kila mtu anaelewa, na mengine atayapata kadiri unavyoendelea kusimulia. Kwa Kihispania sentensi hiyo haitoki mdomoni mpaka uwe umeamua jambo. Je, jamaa alitamka kitu kisicho kweli huku akijua? Basi *me mintió*. Alikupotosha kwa namna yoyote, hata bila kufungua mdomo? *Me engañó*. Amekula pesa yako? *Me timó*, na kama ni pesa nyingi, *me estafó*.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wa Uganda wanaojifunza Kihispania kwa ajili ya kazi: waongoza watalii wa hifadhi za Bwindi na Kibale, wapokezi wa hoteli za Entebbe, wafasiri, na wale wanaofuata ligi ya Hispania kwa lugha ya watangazaji wenyewe. Wengi wetu tunaingia Kihispania kwa mlango wa Kiingereza kwa kuwa vitabu tulivyonavyo vimeandikwa hivyo. Katika mada ya uongo mlango huo una mitego. Kiswahili, tena kikisaidiwa na Luganda, hukufikisha karibu zaidi.

Hatua ya 1: Uliza kama msemaji alijua

Kamusi ya chuo cha lugha cha Hispania, Real Academia Española, kilichoanzishwa mwaka 1713, inaeleza *mentira* kuwa ni kauli inayokwenda kinyume na kile ambacho msemaji anakijua, anakifikiri au anakihisi. Kwa hiyo kipimo kiko kichwani mwa msemaji. Dereva akisema mtafika Buhoma kabla ya chakula cha mchana, kisha mvua ikaharibu barabara mkafika usiku, dereva hakusema *mentira*. Alikosea: *se equivocó*. Ukimwambia mgeni *el conductor mintió*, umemchafulia mwenzako jina bure, na mgeni huenda akalipeleka neno hilo hadi kwa mwajiri wake.

Kwa kitu kisicho kweli ambacho hutaki kumlaumu mtu kwacho, una *no es cierto*, *no es verdad* na *es falso*. Haya yanahukumu kauli na kumwacha msemaji. *Falsedad* ni jina la hali hiyo ya kutokuwa kweli; ni neno la maandishi, la ripoti na la mahakama. Ukilitumia mezani kwenye chai utasikika kama wakili.

Mfano mzuri uko Kayabwe, pale barabara ya Masaka inapokata mstari wa ikweta. Mtu anamwaga maji kwenye beseni hatua chache kaskazini mwa mstari, yanazunguka upande mmoja. Anahamia kusini, yanazunguka upande wa pili. Juu ya mstari yanashuka wima. Watalii wanapiga picha na kutoa chochote. Kisayansi, athari ya mzunguko wa dunia inayopinda vimbunga vikubwa ni ndogo mno kuweza kuamua jambo ndani ya beseni. Kinachoamua ni namna maji yalivyomiminwa na umbo la chombo chenyewe. Sasa mgeni kutoka Sevilla anakuuliza: *¿Es verdad lo del agua?*, hilo la maji ni kweli?

Kama mwenye beseni anajua, kauli yake ni *mentira*. Kama ameaminishwa na yeye anaamini, ni *un mito*, au *una creencia falsa*. Ufundi wa kumimina maji ni *un truco*. Na kama lengo zima ni kumpotosha mgeni atoe pesa, jambo lote ni *un engaño*. Tukio moja, majina manne, na mtalii atapima tabia yako kwa lile utakalochagua. Mimi ningejibu: *Es un truco muy bonito, pero no es cierto.* Jibu hilo halimdanganyi mgeni wala halimwaibishi kijana anayetafuta riziki yake.

Hapo hapo uondoe mtego mkubwa kuliko yote ya mlango wa Kiingereza: *decepción*. Linafanana na neno la Kiingereza la udanganyifu, lakini kwa Kihispania maana yake ni kuvunjika moyo. Mgeni akitoka Kibale bila kuona sokwemtu na kusema *ha sido una decepción*, hajakuita mwongo. Amesikitika. Mpe pole, usianze kujitetea.

Hatua ya 2: Tenganisha mentir na engañar

Kuna jaribio rahisi ambalo Kiswahili kinakupa bure. Chukua sentensi yako yenye "kudanganya", uondoe kitenzi hicho, uweke "kusema uongo". Ikisimama vizuri, unataka *mentir*. Ikigoma, jaribu "kuhadaa" au "kupotosha". Hiyo ikisimama, unataka *engañar*. "Alimdanganya mama yake kwamba yuko shuleni" inakubali kusema uongo: *le mintió a su madre*. "Sura inadanganya" haikubali, kwa maana sura haina mdomo: *las apariencias engañan*.

Wapenzi wa mpira wana mfano wao. Tarehe 22 Juni 1986, katika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Mexico, Diego Maradona aliwafunga Uingereza kwa mkono, na mwamuzi Ali Bin Nasser wa Tunisia akalikubali bao. Kwa Kihispania *Maradona engañó al árbitro*. Huwezi kusema *le mintió* kuhusu kitendo kile chenyewe, kwa sababu hakuna neno lililotamkwa. Mkono ndio uliofanya kazi.

*Mentir* hubadilika mwilini, na watu wengi huteleza kwenye wakati uliopita. Wakati uliopo: *miento, mientes, miente, mentimos, mentís, mienten*. Uliopita: *mentí, mentiste, mintió, mentimos, mentisteis, mintieron*. Tendo linaloendelea: *mintiendo*. Mkanyo: *no me mientas* kwa rafiki, *no me mienta* kwa mtu wa heshima. Yakariri kwa sauti ukiwa ndani ya taksi. Abiria wenzako watavumilia.

Anayeambiwa uongo hutanguliwa na *a* na huwakilishwa na *le*: *le mintió*. Anayehadaiwa na *engañar* ni yambwa moja kwa moja: *lo engañó, la engañó*. Wahispania wengi husema *le engañó* wakimaanisha mwanamume, na hakuna atakayekusahihisha kwa hilo.

Tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya ndoa. *Mi marido me engaña* itasikika kuwa mume ana mwanamke mwingine nje. Kama amekuficha mshahara tu, sema *me miente sobre el dinero*. Ya pili: kuna kitenzi *mentar*, "kutaja", kinachokaa jirani mno na *mentir*. Kule Mexico *mentarle la madre a alguien* ni kumtukania mtu mama yake. *Me miente* na *me mienta* zimetenganishwa na irabu moja tu.

Jambo moja la matamshi kwa wenzangu ambao lugha ya kwanza ni Luganda. Kanuni ya Luganda huweka *r* baada ya *e* na *i*, na *l* kwingineko. Kwa bahati njema *mentira*, *embustero*, *falso* na *calumnia* zote zinatii kanuni hiyo, kwa hiyo ulimi hautakusaliti. *Patraña* na *trola*, ambazo *r* yake inafuata *t*, ndizo za kufanyia mazoezi. *Ñ* isikutishe: ni "ny" yetu ya nyanya. *Engaño* ni "enganyo".

Hatua ya 3: Pesa ikiingia, badili msamiati

Luganda ina *bafere*, matapeli, na kila aliyeishi Kampala amesikia habari za dhahabu ya bandia inayouzwa kwa wageni wenye haraka ya kutajirika. Hapo *mentira* haitoshi. Kihispania kina ngazi.

*Timo* ni utapeli wa ujanja, wa mtaani mara nyingi, na mtapeli ni *timador*. *Estafa* ni neno zito. Ni kosa la jinai lenye jina hilo katika sheria ya Hispania (kifungu cha 248 cha *Código Penal* ya 1995), na mtendaji ni *estafador*. Unapomsaidia mgeni kuandikisha maelezo polisi, neno lake ni *estafa*. *Fraude* huambatana na mifumo: *fraude fiscal* ni ukwepaji wa kodi kwa hila, *fraude electoral* ni wizi wa kura. *Trampa* ni kuvunja kanuni za mchezo au mtihani: *hacer trampas*.

Wahispania wana mbinu mbili za zamani za utapeli zilizobaki kuwa misemo, na ukizijua mgeni wako atacheka kwa furaha. *El timo de la estampita* huhitaji matapeli wawili. Mmoja anajifanya punguani na ana bahasha imejaa noti, lakini anaziita *estampitas*, vipicha. Wa pili, aliyevaa vizuri, anamnong'oneza mpita njia kwamba wainunue bahasha ya mjinga huyo kwa pesa kidogo. Mpita njia anatoa pesa, anapewa bahasha, akifika nyumbani anakuta vipande vya karatasi. *El tocomocho* ni ndugu yake: tiketi ya bahati nasibu "iliyoshinda", inayouzwa kwa bei rahisi na mtu anayedai hawezi kwenda kuchukua zawadi. Ukitaka kumweleza Mhispania dhahabu ya Kampala inavyouzwa, mwambie *es como el timo de la estampita, pero con oro*. Ataelewa mara moja, pamoja na lile ambalo matapeli wote wanalitegemea: aliyetapeliwa alidhani yeye ndiye mjanja.

Hatua ya 4: Ivunje "bandia" vipande

"Bandia" yetu ni neno karimu. Noti bandia, meno bandia, nywele bandia, maua bandia, jina bandia, zote sawa. Kihispania kinatenganisha.

Kitu kilichotengenezwa ili kidhaniwe halisi, kwa nia ya kuhadaa, ni *falso*: *un billete falso*, *dólares falsos*, *un nombre falso*. Ukitaka kusisitiza kwamba mtu alikighushi, sema *falsificado*: *un permiso falsificado*. Hili ni la kujua vizuri kama unafanya kazi na vibali vya gorila, ambavyo tangu Julai 2024 mgeni asiye mkazi huvilipia dola 800. *Permiso falso* inasema kibali si cha kweli. *Permiso falsificado* inasema kuna mtu aliyekaa chini akakitengeneza. Ya pili ni tuhuma, itumie ukiwa na hakika.

Kitu kinachoshika nafasi ya kiungo cha mwili ni *postizo*: *dientes postizos*, *pestañas postizas*, *uñas postizas*. Mwenye meno hayo hamhadai mtu, anakula tu. Maua ya plastiki ni *flores artificiales*. Kopi ya filamu isiyo halali ni *copia pirata*. Kitu cha kuchezea au cha maigizo ni *de mentira*: mtoto akishika simba wa mbao, ni *un león de mentira*, na hapo hakuna lawama hata chembe. Watoto wakicheza "si kweli, tunaigiza" husema *de mentirijillas*.

Kwa bidhaa za *bicupuli*, yaani feki, kila nchi ina neno lake la mtaani: *de pega* Hispania, *trucho* Argentina, *bamba* Peru, *chafa* Mexico (hili hujumlisha na ubovu), *chimbo* Colombia na Venezuela. Yatambue ukiyasikia. Wewe mwenyewe baki na *falso*, linaeleweka kila mahali.

Na usimwambie mtu *eres falso* ukikusudia "si kweli usemayo". *Falso* likimwangukia mtu maana yake ni mnafiki, ndumilakuwili.

Hatua ya 5: Habari zinazosambaa

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba mpaka umefungwa au ugonjwa umezuka, ni *bulo*. Kamusi inalieleza kuwa habari ya uongo inayoenezwa kwa lengo fulani, na ndilo neno ambalo magazeti ya Hispania hulitumia. Amerika ya Kusini wengi watasema *noticia falsa*. Wapo wanaotumia neno la Kiingereza lenyewe. Huna haja ya kuwafuata.

*Rumor* ni tetesi: huenda ikawa kweli. *Chisme* ni umbea, *lugambo* hasa, na unaweza kuwa wa kweli mtupu. Ila Hispania *chisme* pia ni kidude chochote kisicho na jina, na umbea wao huitwa *cotilleo*. *Patraña* ni hadithi ya kubuni, ndefu, yenye mapambo, ambayo hata mtoto angeitilia shaka. *Infundio* ni uzushi usio na msingi, neno la wanasiasa wanaojitetea. *Cuento* ni hadithi, na *no me vengas con cuentos* ni "usiniletee porojo". Utasikia pia *cuento chino*, "hadithi ya Kichina", kwa maana hiyo hiyo. Mwachie mwenyewe, hasa kama garini kuna Mchina.

Kukanusha habari hadharani ni *desmentir*, na hubadilika kama *mentir*: *el ministerio desmintió el bulo*. *Posverdad*, upotoshaji wa makusudi unaocheza na hisia za umma, liliingizwa katika kamusi hiyo ya Academia mwaka 2017.

Kama una wageni mwishoni mwa Desemba, shika tarehe 28. Ni *Día de los Santos Inocentes*, siku ambayo Wahispania na watu wengi wa Amerika ya Kusini hutaniana kwa uongo, na hata magazeti huchapisha habari za kubuni. Utani huo ni *inocentada*, na aliyenaswa hupigiwa kelele *¡inocente, inocente!* Mgeni akikuambia siku hiyo kwamba amepoteza pasipoti, vuta pumzi kwanza.

Hatua ya 6: Kusingizia, kukashifu, kiapo

Kiswahili kiko tayari hapa. Kusingizia, yaani kumbebesha mtu kosa huku ukijua hakulifanya, ni *calumniar*, na tendo ni *calumnia*. Sheria ya Hispania (kifungu cha 205) inalibana hivyo hivyo: kumtuhumu mtu kwa kosa la jinai huku ukijua si kweli, au bila kujali kama ni kweli. Kumvunjia mtu heshima ni *injuria* (kifungu cha 208). Neno la jumla, linaloeleweka nchi zote, ni *difamación*.

Shahidi anayedanganya mahakamani anatoa *falso testimonio*. Wakatoliki watalikumbuka kwa amri ya nane, ambayo katekisimu ya Kihispania husema *no dirás falso testimonio ni mentirás*. *Perjurio* lipo na linamaanisha kiapo cha uongo, lakini mfasiri anayeshughulikia hati za Hispania abaki na *falso testimonio*.

Hatua ya 7: Pima ukali kabla ya kutamka

Hatua hii ndiyo inayolinda kazi yako. Sisi hatumwambii mzee "unasema uongo" hata kama tunamwona anasema. Tunazunguka: "labda mzee amesahau." Kihispania nacho kina mizunguko yake, na mgeni akikosea kuhusu bei mliyokubaliana utaihitaji.

Anza chini kabisa: *creo que hay una confusión*, nadhani tumechanganya mambo. Kisha *me parece que se equivoca*. Ukibanwa: *eso no es así*, halafu *eso no es cierto*. *Eso es falso* ni baridi, la kiofisi. *Eso es mentira* tayari kuna moto, kwa kuwa unamaanisha alijua. *Está usted mintiendo* ni ugomvi. *Es usted un mentiroso* ni mwisho wa safari na mwisho wa bahashishi. Binafsi sioni sababu ya mwongoza watalii kupita *no es cierto* akiwa kazini, haki yake iwe kubwa namna gani.

Wanasiasa wana msemo wao laini, *faltar a la verdad*, "kupungukiwa na ukweli". *Inexactitud* ni uongo uliovaa tai. Na *incierto* huwa na sura mbili: "si hakika" au "si kweli". Mpaka ulizoee, usiliguse.

Upande wa utani ngazi inashuka. *Mentirijilla* ni kauongo kadogo. *Embustero* anaambiwa mtoto huku ukitabasamu, ingawa kwa sauti nyingine linauma. *Exagerado* huambiwa mtu anayetia chumvi. Uongo wa kumfariji mtu, kama kumwambia mgeni mnene kwamba alipanda mlima vizuri sana, ni *mentira piadosa*, uongo wa huruma. Tafsiri za Kiingereza zitakupa *mentira blanca*. Watakuelewa, ila hilo la huruma ndilo la jadi.

Kuna *mentira* ambayo si tusi hata kidogo. Mwambie mgeni wa Bogotá kwamba saa moja tu na gorila inagharimu dola 800, huenda akapaza sauti *¡Mentira!* Ni "wacha uongo!" yetu, mshangao mtupu. Wa Hispania atasema *¡anda ya!* au *¡no me digas!* Ukiona anatabasamu, endelea na hadithi. *Parece mentira* nayo ni "huwezi kuamini": *parece mentira que sean salvajes*, huwezi kuamini ni wanyama wa porini.

Hatua ya 8: Sarufi baada ya "es mentira que"

Fupi lakini usiiruke. Baada ya *es verdad que*, kitenzi hukaa kawaida: *es verdad que el parque está cerrado*, ni kweli kwamba hifadhi imefungwa. Ukikana, kitenzi hugeuka kwenda umbo lile ambalo kwetu lingefanana na "aende, awe": *es mentira que el parque esté cerrado*, *es falso que esté cerrado*, *no es verdad que esté cerrado*. *Parece mentira que* hufuata mkondo huo huo. Ukikosea utaeleweka, ila kwenye maandishi kosa hili huonekana upesi kuliko mengine.

Hatua ya 9: Kujifanya

Mtego mwingine wa Kiingereza: *pretender* si kujifanya, ni kukusudia au kutaka kufanikisha jambo. Kujifanya ni *fingir*: *fingió que no entendía*, alijifanya haelewi. La mazungumzo zaidi, na kwangu ndilo tamu, ni *hacerse el* au *hacerse la*: *se hizo el dormido*, alijifanya amelala, *no te hagas el tonto*, usijifanye mjinga. Hispania kuna hata *hacerse el sueco*, "kujifanya Mswidi", kwa mtu anayejifanya hakusikia anapoambiwa zamu yake ya kulipa imefika.

Uwanjani, mchezaji anayejiangusha ndani ya boksi amefanya *piscinazo*, kutoka *piscina*, bwawa la kuogelea. Mtangazaji atasema pia *hace teatro* au *simula*. Kupanga matokeo ya mechi ni *amañar un partido*. Kwenye karata, kutisha wenzako kwa mkono usio na kitu ni *ir de farol*. Na kwenye mtihani, kikaratasi cha majibu ni *chuleta* Hispania, *acordeón* Mexico, *torpedo* Chile, *machete* Argentina. Mwalimu wa Buenos Aires akilalamika kwamba wanafunzi huja darasani na *machetes*, hana vita.

Hatua ya 10: Hakiki neno kabla ya kulibeba

*Trola* ni uongo wa kawaida wa mtaani Hispania. Argentina ni tusi zito kwa mwanamke. *Hablar paja* ni kupiga porojo katika baadhi ya nchi za Amerika ya Kati na Venezuela. Kwingineko *paja* ni neno la matusi. Hata methali zina miiba. Wahispania husema *antes se coge a un mentiroso que a un cojo*, mwongo hukamatwa mapema kuliko kiwete, lakini *coger* ni neno chafu Mexico na Argentina. Weka *se pilla*, au tumia ile isiyo na tatizo popote: *la mentira tiene las patas cortas*, uongo una miguu mifupi. Ni binamu wa "njia ya mwongo ni fupi".

Kamusi ya Academia inapatikana bure mtandaoni kwa jina *Diccionario de la lengua española*. Soma vifupisho vyake kabla ya maana: *coloq.* ni lugha ya mazungumzo, *malson.* ni neno chafu, *desus.* limeachwa kutumika, *Esp.*, *Méx.*, *Arg.* ni nchi. Kwa maneno ya ng'ambo ya Atlantiki kuna *Diccionario de americanismos* ya 2010, nayo bure.

Jipime

Funika majibu kwa kiganja.

"Alitudanganya kuhusu umri wake." Inakubali kusema uongo: *nos mintió sobre su edad*.

"Wamenidanganya, wameniuzia simu mbovu." Pesa imeingia: *me han timado con el móvil*; Amerika ya Kusini *me estafaron con el celular*.

"Walimsingizia wizi." *Lo calumniaron: dijeron que había robado*.

"Bibi ana meno ya bandia." *La abuela lleva dientes postizos*.

"Si kweli kwamba barabara ya Kisoro imefungwa." *No es verdad que la carretera de Kisoro esté cerrada*.

"Ameghushi sahihi ya meneja." *Ha falsificado la firma del gerente*.

"Yule ni ndumilakuwili." *Ese es un falso*.

"Samahani mzee, nadhani bei haikuwa hiyo." *Disculpe, señor, creo que hay una confusión con el precio*. Kama hapa uliandika *mentira*, rudi hatua ya 7 kabla wageni wa kesho hawajatua Entebbe.